Nyungunyungu wa chambo wa dola tano kasoro: nilivyovilisha vitoto vya nyoka vilivyosusa

Kopo hili la minyoo limetengenezwa kwa ajili ya wavuvi. Kifuniko kina picha ya samaki mwenye ndoano mdomoni, na linakaa kwenye friji ndogo kando ya mlango wa duka la chambo, njia ya kwenda bwawa la Alum Creek, kaskazini mwa Columbus, Ohio. Mimi sivui. Mimi nalisha nyoka. Nalipa dola tano kasoro, napewa minyoo 12 wanene, na katika vyote nilivyonunua kwenye maduka ya wanyama sijaona kilichofanya kazi nusu ya hawa.

Nyoka si wangu, ni wa mwanangu, ila mwenye watoto anajua nani huishia kulisha. Alitaka mbwa, baba yake akakataa, wakakutana katikati kwenye nyoka. Katikati yenyewe iko wapi sijaiona mpaka leo. Basi tukaenda kwenye maonyesho ya reptilia, tukarudi na vitoto vitatu vya nyoka wa gata (kwa Kiingereza garter snake), wale wenye madoa meusi mgongoni yaliyopangana kama ubao wa drafti. Asili yao ni Texas na majirani zake kushuka Meksiko, lakini hivi vilizaliwa kwa mfugaji. Nyoka wa gata hatagi, anazaa watoto hai, na kila mtoto anaanza kujitafutia siku hiyo hiyo. Hana sumu ya kumtisha mtu. Ukimshika vibaya anakupaka kinyesi chenye harufu mbaya, basi.

Muuzaji alituambia, "Hawa wanakula kila kitu." Wa kwetu walikuwa hawali chochote.

Niseme mapema, ili nisipate mafunzo kwenye maoni: joto lilikuwa sawa. Upande mmoja wa sanduku nyuzi 29, upande wa pili 23, mkeka wa joto umefungwa thamostati (kifaa cha kudhibiti joto), maji yapo, maficho yapo kila upande, na tuliwaacha watulie kwanza bila kuwashikashika. Kitoto kilichozaliwa karibuni bado kina kiini cha yai tumboni na kinaweza kukaa bila kula mpaka kijivue gamba mara ya kwanza. Vyetu vilikuwa vimeshajivua. Vilikuwa vimesusa tu. Tuliviwekea vitoto vya panya vya kugandishwa, vile vyekundu visivyo na manyoya, tukaviyeyusha na kuvipasha joto kama inavyoelekezwa. Vikapita juu yake kama vile hakuna kitu.

Hapo ndipo dada mmoja wa zamu yangu kazini, Mkongo, mume wake anavua kila Jumamosi, akaniuliza, "Mama Baraka, kwani nyoka wa porini anapata wapi panya wa friza?" Nikaenda kununua minyoo.

Sasa bidhaa yenyewe. Kopo ni la plastiki laini, ndani kuna udongo mweusi wenye vipande vya karatasi, unyevu wake wa kiasi. Minyoo ni wale wakubwa wa usiku, kisayansi Lumbricus terrestris, urefu wa kiganja changu na zaidi akijinyoosha. Kichwa chake ni cheusi-zambarau, mkia umepauka na kubapa. Ukimgusa anajikunja kwa nguvu. Akibaki amelala, mrudishe dukani. Wengi wa minyoo hawa wanaouzwa Marekani huokotwa kwa mkono, usiku, kwenye mashamba ya kusini mwa Ontario, Kanada. Muokotaji anavaa taa kichwani na kufunga makopo mawili miguuni, moja la minyoo na jingine la vumbi la mbao la kukaushia vidole, kwa sababu mnyoo anateleza. Ni kazi ambayo kwa miaka mingi imefanywa na wahamiaji. Mimi ninayefanya zamu ya usiku nyumba ya wazee, nikilisoma hilo kopo la dola tano naliheshimu kidogo.

Mnyoo mzima kwa kitoto cha gata ni mkubwa mno. Ninavyofanya ni hivi: namtoa mmoja, namsuuza kwa maji baridi ya bomba mpaka udongo wote utoke, namkata kwa mkasi uliotengwa kwa kazi hiyo (una utepe mwekundu, na mume wangu hausogelei). Vipande viwe vya sentimita moja au moja na nusu, visizidi unene wa tumbo la nyoka. Kipande cha mkia ndicho bora kwa sababu kinaendelea kucheza muda mrefu. Kila kitoto nakiweka peke yake kwenye kopo dogo lenye kifuniko kilichotobolewa, chini nimeweka karatasi ya jikoni yenye unyevu, nafunika na kitambaa, naondoka. Kuondoka ni nusu ya kazi. Nyoka mchanga akikuona umemwinamia anajiona yeye ndiye chakula.

Peke yake, nasisitiza. Vitoto vya gata vikila pamoja, viwili hung'ang'ania mnyoo mmoja kila kimoja kwa mwisho wake, vikikutana katikati mmoja anaweza kuendelea kummeza mwenzake. Siyo hadithi za kutishana, wafugaji wamepoteza nyoka hivyo.

Kitoto cha kwanza, ambacho Baraka anakiita Sangara kwa ulafi wake wa baadaye, kilikula usiku ule ule. Nilichungulia pembeni. Ulimi ulianza kutoka taratibu, ukagusa karatasi, ukagusa hewa, halafu ukawa unatoka haraka haraka, ncha zake mbili zikitetemeka juu ya ule mkia wa mnyoo. Kichwa kikasogea, kikasimama. Kikarukia katikati ya kipande, kikakishika kikiwa kimekunjwa mara mbili, kikaanza kutembeza taya, kulia, kushoto, kulia, mpaka uvimbe ukapita shingoni. Kisha kikasugua mdomo kwenye karatasi.

Anayeongoza pale ni ulimi. Unaokota harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa. Mwaka 1967 Gordon Burghardt aliandika katika jarida la Science jinsi alivyowapa nyoka wachanga ambao hawajawahi kula pamba zilizochovywa kwenye maji ya minyoo, ya samaki na ya viumbe vingine: waliirukia pamba yenye harufu ya windo la jamii yao, wengine wa jamii nyingine wakaipuuza. Yaani kitoto kinazaliwa kinajua chakula chake kwa harufu. Panya wa friza hayumo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo mtu anayekwambia nyoka wako ni mkaidi, mwambie umempa chakula ambacho pua yake haikitambui.

Kitoto cha pili kilikula baada ya kuwekewa mara kadhaa. Cha tatu kilikataa mnyoo kabisa, na hapo ndipo kopo hili linapopoteza nyota moja, maana wauzaji wa maonyesho husema nyungunyungu ni dawa ya kila kitoto. Si kweli. Hiki cha tatu kilitaka samaki.

Na samaki niliyempa ni sato! Mimi mtu wa Mwanza, nimekulia Kirumba, watoto tulikuwa tunachimba nyungunyungu kuvulia samaki. Leo niko Ohio namkata sato wa friza vipande vyembamba kama nyuzi, amelelewa kwenye mabwawa China, naye asili yake ni kwetu Afrika, namlisha nyoka wa Texas. Nilikipaka kipande kile majimaji ya mnyoo, nikakiacha kwenye kijikopo chenye maji kidogo, kitoto kikakila kikiwa kimezamisha kichwa chote. Safari zilizofuata nikapunguza harufu ya mnyoo, kisha nikageuza: kipande cha mnyoo kilichopakwa samaki. Sasa kinakula vyote.

Kwa samaki kuna jambo lazima mlijue. Samaki wa dhahabu wa mapambo, na wale vidagaa wekundu wanaouzwa kwa senti kama chakula cha samaki wakubwa, wana kimeng'enya cha thiaminesi ambacho huharibu vitamini B1. Nyoka anayekula hao mara kwa mara huishiwa na vitamini hiyo, huanza kuyumba, hutetemeka kwa degedege na kufa. Kugandisha hakuondoi kitu hicho. Sato, samoni na trauti hawana shida hiyo. Duka moja la wanyama hapa mjini, sitalitaja, lilitaka kuniuzia hao wa dhahabu kwa nyoka hao hao. Nikawaambia asante.

Duka hilo hilo liliniuzia kichupa cha matone ya harufu, dola kumi na kitu, eti unadondoshea juu ya panya nyoka anakula. Nimejaribu. Panya alinuka, vitoto havikushughulika naye. Mnyoo mmoja uliyemsugua juu ya panya aliyeyeyushwa, mpaka ule ute ushike ngozi, anafanya kazi kuliko kichupa kizima, na ndivyo tulivyofanikiwa kuwahamishia kwenye panya polepole. Kuwahamisha ni lazima mapema au baadaye, kwa sababu mnyoo na minofu ya samaki havina kalisi ya kutosha kwa kiumbe kinachokua haraka. Panya ana mifupa. Kwa sasa ratiba yetu ni mnyoo au sato kila baada ya siku mbili tatu, na kipande kidogo cha panya chenye harufu ya mnyoo mara moja kwa wiki.

Turudi kwenye friji ya duka la chambo, maana lawama zangu ziko pale. Kwenye rafu hiyo hiyo, ndani ya kopo la ukubwa ule ule, kuna minyoo wekundu wadogo, wale wa kutengenezea mboji. Ukiwatazama utasema hawa ndio size ya kitoto cha nyoka, tena huhitaji mkasi. Usiwaguse. Ukiwabana wanatoa majimaji ya njano yanayonuka, nayo ni kinga yao. Nyoka akiwameza, mara nyingi anatapika, na wafugaji wote wa gata ninaowafahamu wanawakwepa. Duka halina kosa kuwauza, wavuvi wanawapenda, lakini makopo yangetengwa. Siku moja kijana wa kaunta alinipakilia wale wekundu wakati nimeomba wakubwa; nilifungua kopo pale pale mbele yake, akanibadilishia.

Lawama ya pili ni tarehe. Kopo halina tarehe. Wakati wa joto la Julai mzigo ukikaa kwenye gari la kusambaza, minyoo wa chini wanakufa na kuoza, na mmoja aliyekufa anawaharibu wenzake. Fungua kopo kabla ya kulipa, nusa. Udongo mzuri unanuka mvua. Ukisikia harufu ya yai viza, rudisha. Nyumbani nawaweka kwenye droo ya chini ya friji, wanakaa wiki kadhaa wakiwa hai ilimradi udongo usikauke. Mume wangu alilalamika mpaka nilipoliingiza kopo kwenye mfuko wa mkate. Halioni tena.

Ya tatu ni majira. Barafu ikishika bwawa, friji ya minyoo inabaki na makopo mawili matatu ya zamani, kwa sababu wavuvi wa barafuni, wale wanaotoboa barafu na kuvua, wanataka mabuu. Kuanzia Novemba nanunua ya kutosha, na sato anaziba pengo.

Kwa jumla: minyoo nyota nne, duka la chambo nyota nne, sato wa friza wa duka la vyakula nyota tano kwa bei na kwa usalama, kichupa cha harufu nyota moja na hiyo ni kwa ajili ya kifuniko chake kisichovuja.

Mkibakiwa na minyoo wakubwa msioweza kuwatumia, msiende kuwamwaga porini mkidhani mnawapa uhuru. Minyoo hawa waliletwa na Wazungu. Misitu ya kaskazini mwa bara hili, kule barafu ya kale ilikopita, ilikuwa haina nyungunyungu, na sasa wanakula lile tandiko la majani ambalo miche ya msituni inalitegemea. Wetu wanaobaki tunawapa mvuvi wa Jumamosi, na waliokufa wanafungwa kwenye mfuko na kuingia kwenye pipa la taka.