Fundi aliyenijengea Bukoba, nampa nyota 5

Jamani sisi wa Bukoba ile Septemba 10, 2016 hatuisahau, tetemeko la 5.9 saa tisa mchana, ukuta wa tofali na udongo wa nyumba yetu ya zamani ulimwagika wote sebuleni. Sasa huyu fundi kabla hata hajashika mwiko alikuja kukagua kiwanja, cha kwanza kiko chini kabisa ya mwamba akakikataa, ikabidi nitafute kingine. Kafunga mkanda wa zege na nondo chini na juu ya madirisha, umezunguka nyumba nzima, juu bati tu hakuna vigae vizito. Bei imechangamka na alichelewa wiki mbili, ila usiku nalala. Muulizeni nondo anazikunjaje kwenye kona, atawaonyesha.