Vikao sita vya ushauri nasaha kuhusu mipaka na ndugu

Nilikwenda kwa mshauri nasaha mmoja wa Dar es Salaam, ambaye sitamtaja, baada ya kuona kwamba kila simu ya shangazi yangu iliyoingia baada ya saa tatu usiku ilinikosesha usingizi hata kabla sijaipokea. Vikao vilikuwa sita, kila kimoja cha dakika 50, navyo vilihusu kuweka mipaka, yaani kuamua nitakubali nini na nitakataa nini kwa ndugu.

Kwa maoni yangu, kikao cha tatu peke yake kilistahili ada yote. Badala ya kunihubiria habari za kujipenda, mshauri alinitaka nimchukulie yeye kuwa ndiye shangazi, kisha akaanza kulalamika, kulia na kunikumbusha jinsi alivyonilea. Nilijitetea kwa muda mrefu, naye akanionyesha kwamba kila sababu niliyoitoa ilizaa ubishi mwingine. Tukapunguza maneno hadi ikabaki sentensi moja: "Shikamoo shangazi, nimekusikia, ila jambo hili tutalizungumza kesho mchana."

Kasoro zipo. Chumba kimetenganishwa na mapokezi kwa ubao mwembamba, kiasi kwamba nilimsikia mteja mwingine akisimulia mambo ya ndoa yake, jambo lisilokubalika mahali panapotegemea siri. Aidha, mshauri hakusisitiza vya kutosha kwamba mpaka ninaouweka hueleza nitakachofanya mimi, wala si amri kwa mwenzangu. Hilo nililielewa baada ya shangazi kuninunia wiki mbili. Siku hizi hupiga saa kumi jioni, na mara nyingine huanza kwa kuuliza kama nina nafasi.