Waliotufungia gesi ya chemba ya anerobiki: nyota tatu

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Chemba yenyewe ni ile isiyo na oksijeni ndani, tunamokuzia bakteria. Mitungi ilifika siku waliyosema, mmoja naitrojeni tupu ya kusafishia hewa na mwingine wa mchanganyiko (haidrojeni 5%, kaboni dayoksaidi 10%, iliyobaki naitrojeni), na vijana wakaifunga minyororo ukutani bila kuambiwa, hapo safi kabisa.

Shida regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha kinachofungwa kwenye mtungi. Walileta mbili za aina moja, sasa ule mtungi wenye haidrojeni nati yake inakazwa kinyume, kushoto, fundi akahangaika na spana mpaka jasho linamtoka, nikamwambia kaka subiri kwanza utaua thredi, si unaona hivi vijialama vilivyochongwa kwenye kona za nati, ndiyo dalili ya kukaza kinyume? Tukasubiri wiki nzima, na bakteria wetu wa utumbo hawana utani na oksijeni.

Waliporudi walifunga vizuri sema hawakupima kuvuja. Nikachukua maji ya sabuni mwenyewe nikapaka kila kiungo, kimoja kikatoa mapovu madogo madogo kama soda. Tukakaza, tukapitisha naitrojeni halafu mchanganyiko, kichocheo cha paladiamu kikaanza kuunganisha haidrojeni na oksijeni iliyobaki kuwa maji (silika geli, ile ya kunyonya unyevu, muibadilishe mapema, inalowa haraka hiyo), kesho yake naingia nakuta resazurini, ile rangi ya kuonyesha kama oksijeni bado ipo, iliyokuwa pinki haina rangi kabisa, nikaruka kama mtoto.

Gesi yao nitanunua tena. Regyuleta nachagua mwenyewe.