Garmin Xero C1 Pro: rada ya mfukoni kwa mshindani wa shabaha

Kwa kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo, 124.99 si 125. Pawafakta, kile kipimo cha nguvu ya risasi, hupatikana kwa kuzidisha uzito wa kichwa cha risasi kwa greni na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha kugawa kwa 1,000. Desimali hutupwa. Kichwa cha greni 124 kikienda futi 1,008 unapata 124.992, na kwa bastola, ambako kiwango cha chini ni 125, hapo umeanguka: utaendelea kufyatua mpaka mwisho wa mechi, ila alama zako hazihesabiwi. Kikienda futi 1,009, umepita.

Ndiyo maana kronografu, kifaa cha kupima mwendo wa risasi, ni kifaa cha lazima kwa anayejaza risasi zake mwenyewe. Anayepiga masafa marefu anakihitaji zaidi, maana mwendo wa mdomoni mwa mtutu ndio mzizi wa hesabu zote za programu ya balistiki, ile inayokokotoa njia ya risasi. Garmin walitoa Xero C1 Pro mwishoni mwa 2023 kwa dola 600 hivi za Kimarekani, na tangu hapo vifaa vingi vya zamani vimeanza kuuzwa mitumba.

Ni kiboksi cha gramu 104 kinachoingia mfuko wa shati, chenye kioo, vitufe na kistendi kidogo cha miguu mitatu. Ndani mna rada ya Doppler inayoifuata risasi ikishatoka mdomoni, kwa mwendo wa kuanzia futi 100 hadi 5,000 kwa sekunde. Betri huchajiwa kwa waya wa USB-C na hudumu saa 6 au milio 2,000 hivi. Maji ya mvua hayakisumbui.

Kukitega ni kazi ya dakika moja. Unaanza kipindi kipya, unachagua aina ya silaha, unaingiza uzito wa kichwa cha risasi, unakiweka kando ya bunduki, nyuma kidogo ya mdomo wa mtutu, kati ya inchi 5 na 15, kikitazama upande wa shabaha. Kila mlio unasomwa papo hapo: mwendo, wastani, tofauti ya juu na chini (ES), mchepuko sanifu (SD, yaani milio inavyotawanyika kando ya wastani), na pawafakta. Kama mtutu una kizuia sauti, pima umbali kutoka ncha ya kizuia sauti, si ncha ya mtutu. Wengi hulisahau hili, kisha wanalaumu mashine.

Kisiposoma mlio, kasoro mara nyingi ni ya aliyekitega. Ukilala kifudifudi na kukiweka chini kwenye nyasi, rada inatazama majani. Ukikiweka nyuma ya begi la mchanga au ubao wa kizuizi, ni vilevile. Kinataka uwazi mbele yake. Ukikisogeza mbele usawa na breki ya mdomo wa mtutu, upepo wa gesi unaotoka ubavuni utakiangusha na kukijaza vumbi, maana kistendi chake ni chepesi mno. Kirudishe nyuma, au kifunge kwenye stendi ya kamera yenye uzito. Kistendi hicho ndicho sehemu dhaifu kuliko zote za kifaa hiki, na kwa bei hii tulistahili kitu kigumu zaidi.

Ukilinganisha na vilivyotangulia, tofauti iko kwenye usumbufu zaidi kuliko usahihi. Kronografu za macho, zile za kufyatua kupitia juu ya vihisi viwili, hutegemea mwanga: wingu likipita namba zinabadilika, na lazima uzisogeze futi 10 hadi 15 mbele ili moshi na mshindo visizichanganye. Kwa hiyo inabidi kila mtu asubiri ukienda kuzitega. MagnetoSpeed hufungwa kwenye mtutu wenyewe. Inasoma vizuri sana, lakini mtutu uliobeba kitu hutetemeka tofauti na risasi hutua pengine, hivyo huwezi kupima mwendo na kundi la matundu kwa risasi zilezile. LabRadar ya kwanza nayo ni rada, lakini ni sahani kubwa ya kulenga kwa uangalifu, inakula betri 6 za AA, na kwa kuwa huamshwa na sauti, jirani akifyatua inaweza kuamka kwa mlio usio wako. Hii ndogo imemaliza ugomvi huo karibu wote.

Sasa kanuni, maana hapa ndipo wengi wanaponunua kifaa kizuri na bado wanafeli.

Kwenye mechi ya IPSC wasimamizi huchukua risasi 8 kutoka kwako. Moja hufunguliwa na kichwa chake kupimwa uzito, tatu hufyatuliwa kwa silaha yako. Wastani wa hizo tatu usipofikia ulichotangaza, hufyatuliwa nyingine tatu na kuchukuliwa tatu zenye mwendo mkubwa kati ya sita. Ukishindwa tena, inabaki risasi moja, nawe unachagua: ifunguliwe ipimwe uzito, au ifyatuliwe. Kwa bastola kiwango cha chini ni 125. Meja, daraja la nguvu ya juu, ni 170 kwa kitengo cha Standard na 160 kwa kitengo cha Open. Kwa bunduki ya rifle ni 150 na 320. Aliyetangaza meja akapungukiwa huhesabiwa kwa alama za maina, daraja la chini, ambazo kwa kila risasi isiyopiga katikati ni pengo la kuumiza.

Zingatia neno moja hapo: uzito unaotumika ni wa kichwa kilichofunguliwa mezani, si ulioandikwa kwenye boksi. Xero inakuamini. Ukiiambia 124 itazidisha kwa 124. Vichwa vya boksi hilo vikiwa na greni 123.4 kwa kweli, mwendo wa futi 1,012 ambao kioo kinauonyesha kama 125.5 utageuka 124.9 kwa msimamizi. Pima vichwa 10 kwa mizani, uingize ule mwepesi kuliko vyote.

Halafu kuna joto. Mwinuko wenyewe haubadilishi mwendo wa mdomoni kwa kiasi cha kukusumbua, lakini ubaridi wa baruti hubadilisha. Chukua mshindani aliyepima risasi zake Mombasa mchana, nyuzi 30 za Selsiasi, akapata futi 1,020 na pawafakta 126. Mechi iko Nairobi asubuhi ya Julai, nyuzi 12. Baruti inayopoteza futi 1 kwa kila nyuzi 1 ya Farenhaiti itashuka futi 32, na pawafakta inakuwa 122. Mwachie msimamizi nafasi: lenga 129 au 130, na upime saa ileile ya siku utakayoitwa mezani. Kwa maganda makubwa yenye baruti kidogo, pia angalia baruti imelala wapi. Ukiinamisha mtutu kabla ya kufyatua inakimbilia upande wa kichwa cha risasi, mbali na fataki inayoiwasha, na mwendo unaweza kupungua. Fyatua tano ukiwa umeinamisha na tano ukiwa umeinua, uone tofauti mwenyewe.

Kwa masafa marefu hofu ni ya upande wa pili. Precision Rifle Series, msururu wa mechi za Marekani, imeweka kikomo cha futi 3,200 kwa sekunde, na ruhusa ya futi 32 kwa tofauti za vifaa na hali ya hewa. Ukizidi, unatolewa mechini. Kitengo cha Tactical kina vikomo vyake: risasi ya .308 isizidi greni 178 na futi 2,800, .223 isizidi greni 77 na futi 3,000. Anayenaswa mara nyingi si mdanganyifu, ni mwenye mtutu mpya. Milio 100 hadi 200 ya kwanza mtutu mpya huongeza mwendo, pengine futi 30, pengine zaidi, na aliyepima mara moja siku ya kwanza hana habari. Pima tena ukifika 150, kisha tena kabla ya mechi.

Wingi wa milio ndio jambo ambalo kioo cha Xero hakikuambii. Kinatoa SD hata kwa milio mitatu, na hapo ndipo watu wanajidanganya. SD ya 10 kwa milio 5 inaweza kuwa 6 au 29 kwa kweli. Kwa milio 10, ni kati ya 7 na 18. Kwa 20, kati ya 8 na 15. Anayebadili baruti kwa sababu SD imetoka 9 hadi 6 kwenye milio mitano anafukuza kivuli. Wastani ni mwaminifu zaidi: kwa SD ya 10, milio 10 inakupa wastani wenye kosa la futi 3 tu, na huo ndio wa kuingiza kwenye programu. Kwa risasi aina ya 6.5 Creedmoor ya greni 140 inayotoka kwa futi 2,710, kosa la futi 10 hushusha risasi kama inchi 2 na nusu kwenye yadi 1,000. Bamba la inchi 10 linalisamehe. Kosa la futi 30 halisamehewi, maana ni inchi 7 na zaidi, na kutoka katikati hadi ukingo wa bamba una inchi 5 tu.

Programu ya simu, ShotView, inahifadhi vipindi na kuvitoa kama faili la kufungua kwenye jedwali la kompyuta. Ni nzuri, na ina thamani kuliko inavyodhaniwa, hasa ukivipa vipindi majina yenye joto la siku na idadi ya milio ya mtutu. Bila hivyo baada ya miezi mitatu unabaki na safu ya namba zisizojulikana ni za boksi gani.

Mpiga bastola wa klabu anayenunua risasi za kiwandani hana haja ya kutoa dola 600. Aazime cha mwenzake mara mbili kwa mwaka. Anayejaza mwenyewe kwa bastola na rifle pamoja, anunue hiki, na stendi nzito juu yake. Siku ya mechi akumbuke kwamba kinachohesabiwa ni kile cha mezani kwa msimamizi: hata Xero yake ikisema 125.3, hakuna rufaa ya kioo cha mfukoni.