Sidii za Bessie Smith, uzoefu wangu baada ya miezi miwili

Asalam aleikum. Nina miezi miwili sasa na sidii mbili za Bessie Smith, mwimbaji wa zamani wa blues, muziki wa Wamarekani weusi, nilizinunua za mitumba hapa mjini kwa shilingi 15,000, nikaona niandike mana nilipokuwa nazitafuta mie hakuna aliyenambia kitu.

Kwanza mikwaruzo. Zile nyimbo za 1923 na 1924 nyuma yake zinalia kama mtu anakaanga samaki, siku ya kwanza nilitaka kurudisha. Nikapakua mtandaoni zilizosafishwa, mikwaruzo kweli hakuna ila na sauti nayo imekwenda nayo, utadhani mtu anaimba kajifunika blangeti. Nikarudi kwenye sidii zangu. Ujue wakati ule Columbia, kampuni iliyomrekodi, walikuwa hawajaanza kutumia maikrofoni, unasimama mbele ya pembe kubwa unaimba ndani yake na mtikisiko wa sauti ndo unachora santuri, mambo ya umeme yameingia 1925, kwa hivo mwenye sauti ndogo alikuwa hana lake. Bessie keshazowea, yatima wa baba na mama, kakulia kuimba barabarani mji wa Chattanooga, Marekani, kaka yake anampigia gitaa, 1912 akaingia kundi la kuzunguka alikokuwemo mwimbaji mwenzake Ma Rainey, kuimba kwenye mahema bila spika. Ndo mana kwenye sidii anasikika juu ya mikwaruzo yote, kila neno.

Wimbo nnaorudia kila siku ni St. Louis Blues, Januari 1925, na mpiga tarumbeta Louis Armstrong. Bibi yangu alikuwa anapepeta mchele, mara ungo ukasimama, "We mjukuu wangu, hiyo si harmoniamu hiyo?" Ndo yenyewe! Kiingereza hajui hata neno, lakini akakaa mpaka ukaisha akasema rudia. Skizeni Armstrong anavomngoja Bessie amalize mstari ndo anamjibu, hamkatizi, kama fidla inavomjibu mwimbaji kwenye taarab. Hapo bibi akaanza habari za Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba aliyepanda meli 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, na wallahi nikaona ni kama ndugu hawa, miaka yao ni ile ile.

Kijitabu ndani kina herufi ndogo mno, nimetumia tochi ya simu. Ila kisomeni. Karekodi nyimbo kama 160 Columbia, wanamlipa kwa wimbo basi, santuri zikiuzwa yeye hana senti ya zaidi. Alinunua behewa lake la treni la kusafiria na kundi lake, mana mahoteli mengi ya kusini mwa Marekani walikuwa hawapokei watu weusi. 1937 akafa kwa ajali ya gari Mississippi. Kaburi likakaa bila jiwe mpaka 1970, walolipia ni mwimbaji Janis Joplin na mama mmoja ambaye alipokuwa mtoto alikuwa akimsafishia Bessie nyumba. Hapo niliweka kijitabu chini kwanza. Miaka 33!

Kasoro kubwa ni sidii ya pili, wimbo wa sita unarukaruka, muuzaji kakataa kubadilisha anasema mitumba haina dhamana. Mkinunua jaribuni pale pale dukani mpaka mwisho, msiskize wimbo mmoja mkaridhika.

Kwa bei ile mie nimeridhika sana. Kama kuna mtu Unguja au Pemba anayo hiyo ya pili nzima, na mikwaruzo yake, aniandikie, nanunua leo leo.