Hedifoni zinaimba, lakini duka lile sirudi

Nimeudhika, na naandika nikiwa bado nimeudhika. Hedifoni nilizonunua kwenye duka moja la vifaa vya umeme hapa Tanga mjini zimekufa upande wa kulia, na kijana aliyeniuzia akanicheka mbele za watu.

Siku ya kununua nilipokelewa vizuri mno. "Shikamoo mama, karibu mama, vuta kiti." Akazitoa kwenye boksi, akanivisha kwa mkono wake, akaniapia ni orijino na zina waranti ya mwaka mzima. Nilimweleza shida yangu wazi: nasikiliza nyumbani, usiku, wajukuu wakishalala. Sitaki Bluetooth wala mataa, maana betri ikichoka ndiyo basi. Nataka za waya, zidumu. Akasema, "Hizi mama utazichoka wewe." Laki na ishirini nikaihesabu pale pale juu ya meza.

Na nisiwasingizie, zinaimba. Mimi ni wa Ngamiani, taarabu ya kundi la Black Star la hapa Tanga nimeisikia tangu mdogo kwenye redio za majirani, lakini lile gitaa la besi sikuwahi kulisikia likitembea peke yake chini ya sauti ya mwimbaji Shakila mpaka nilipovaa hizi. Nyimbo nilizodhani nazijua zote nikaanza kuzisikiliza upya. Ndiyo maana inaniuma. Zingekuwa mbovu tangu mwanzo ningezitupa nikasahau.

Masika ilipoingia, ngozi ya masikioni ikaanza kubanduka. Si ngozi ile, ni plastiki laini iliyopakwa juu ya kitambaa, na unyevu wa pwani huila taratibu hata ukizitundika ukutani tu. Nikizivua nabaki na maganda meusi shingoni na kwenye mtandio. Hilo ningelivumilia, sponji hubadilishwa. Kisha upande wa kulia ukaanza kukatakata: ukishika waya unaongea, ukiuachia kimya. Mwisho ukanyamaza kabisa.

Nikazirudisha na boksi lake na risiti yake. Safari hii shikamoo sikuipata. Macho kwenye simu, kichwa hakuinua. "Bidhaa ikishauzwa hairudi mama, soma hapo ukutani." Nikamtolea karatasi ya waranti. Akasema waranti ni ya spika, waya haumo. Karatasi ninayo, imeandikwa mwaka mmoja, neno waya halipo popote. Nikamwambia, mwanangu, nionyeshe hapo palipoandikwa. Akamgeukia mwenzake: "Huyu mama atakuwa anapikia nazo." Wakacheka, na wateja waliokuwepo nao wakacheka. Mtoto ambaye nina umri wa kumzaa mama yake!

Nikaenda kwa fundi redio mmoja Makorora, akazifungua nikiwa nimesimama pale. Ndani ya waya kuna nyuzi nyembamba za shaba zilizopakwa rangi, nyekundu na kijani. Waya umeingia kwenye tundu moja kwa moja hadi kwenye kitone cha risasi ya kuchomelea. Hakuna fundo, hakuna kibanio cha kuuzuia. Kila ukivutika kidogo, kile kitone ndicho kinachobeba mzigo wote, na ndicho kilichoachia. Fundi akapiga fundo kwa ndani, akaziunguza ncha za nyuzi ili rangi itoke na risasi ishike, akachomea, akafunga. Elfu tano. Kazi ya dakika chache, ambayo duka lingeweza kuifanya badala ya kunicheka.

Sasa kwa anayetafuta za kusikilizia nyumbani, hasa sisi wa pwani: jambo la kwanza tazama kama waya unachomoka. Unaochomoka ukikatika unanunua waya tu, hedifoni inabaki. La pili uliza sponji zake zinauzwa peke yake, na zikiwa za mahameli badala ya ngozi bandia ni bora zaidi kwa hali yetu ya hewa. Hedifoni za Beyerdynamic DT 770 za Wajerumani zipo zenye mahameli na vipuri vyake vinauzwa, ila bei yake iko juu. Koss Porta Pro zinatengenezwa tangu 1984 na umbo halijabadilika sana, ila sauti huvuja nje, kama unalala na mtu atalalamika.

Na hizi zangu? Nilikusudia kusema msinunue. Lakini tangu fundi azitengeneze zimetulia, na sauti ni ile ile tamu, kwa hiyo ukizikuta duka jingine, ukampelekea fundi akakupigia fundo hata kabla hujazivaa, chukua. Ndivyo nilivyotaka kumalizia. Ila nikikumbuka kile kicheko, hapana. Laki na ishirini si pesa ya kununua kitu halafu umtafute fundi akimalizie. Msichukue.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa anayouziwa. Wiki hii naipeleka ile karatasi ya waranti kwa mwenye duka mwenyewe, si kwa kijana wake, na asiponisikiliza naandika barua Tume ya Ushindani.