Mafuta ya Kununua kwa Skrabu ya Nyumbani: Yapi Yatangulie, Yapi Yaachwe Dukani

Mtu anayetaka kujitengenezea skrabu ya kulainisha mwili mara nyingi huhangaikia kwanza sukari ya kahawia au unga wa kahawa, ilhali kinachoamua kama ngozi itabaki laini baada ya kuoga ni mafuta. Sukari huyeyuka ikaenda na maji, lakini mafuta hubaki mwilini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha iende kwenye chupa ya mafuta, na sukari iwe ile ile ya chai, mradi chembe zake si kubwa mno. Mpangilio ufuatao unachukulia kichanganyo cha kawaida, yaani kikombe kimoja cha sukari kwa nusu kikombe cha mafuta, bila maji yoyote.

Nafasi ya kwanza ninayapa mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila kupashwa moto. Mafuta haya huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na tabia hiyo ina faida kwa mtengenezaji wa skrabu: yakiwa mazito, sukari haizami chini ya kopo, na yakigusa ngozi yenye joto huyeyuka mara moja. Mkazi wa Njombe au Nairobi ataipata faida hiyo bila jitihada katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, ilhali wa Tanga au Mombasa atalazimika kukoroga kopo lake kila anapolitumia.

Kwenye mafuta ya nazi mnunuzi anatakiwa kuwa macho, kwa sababu chupa zinazofanana huwa na vitu tofauti. Yapo yanayotokana na mbata, yaani nazi iliyokaushwa, na kusafishwa kiwandani, ambayo hayana harufu na bei yake ni nafuu. Kwa skrabu yanafaa kabisa, na asiyependa harufu ya nazi ayachukue bila wasiwasi. Yapo pia yanayopikwa nyumbani kwa kuchemsha tui mpaka mafuta yajitenge, yenye harufu nzuri iliyokolea, ila yasipochujwa vizuri hubaki na maji na mabaki ya tui, na hayo ndiyo huyaharibu mapema. Inua chupa kwenye mwanga kabla ya kulipa: ukiona ukungu au mashapo chini, irudishe. Ukifika nyumbani, weka mafuta kidogo kwenye friji. Ya nazi halisi huganda yote yakawa meupe, na ukikuta tabaka la juu limebaki majimaji, yamechanganywa na mafuta mengine. Mwenye chunusi za mgongoni au kifuani asiyapake sehemu hizo, kwani yanaweza kuziba vinyweleo.

Nafasi ya pili itawashangaza wengi, maana ni mafuta ya alizeti, yale yale ya jikoni yanayotoka kwa wingi Singida na Dodoma. Yana asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huihitaji katika kujenga utando wake wa kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliolinganisha mafuta ya alizeti na ya zeituni kwenye ngozi za watu wazima, ulionyesha kwamba ya zeituni yaliudhoofisha utando huo na ya alizeti hayakuudhoofisha. Kasoro yake ni kwamba ni mepesi, hivyo sukari huzama, na huharibika haraka yakikaa juani, jambo ambalo wauza duka wanaopanga madumu barazani hawalijali. Nunua chupa iliyokuwa kivulini, na uchague yaliyosafishwa iwapo harufu ya alizeti hukuipenda hata kwenye chakula.

Ya tatu ni ya ufuta, zao linalolimwa sana Lindi na Mtwara. Hukaa muda mrefu kuliko ya alizeti kabla ya kuharibika, na huteleza vizuri mwilini. Ni bei tu iliyoyashusha hadi hapa. Chagua yenye rangi ya manjano hafifu. Yale ya kahawia yametokana na ufuta uliokaangwa, na utanuka kama jiko la mgahawa siku nzima. Mwenye mzio wa ufuta asiyaguse.

Siagi ya shea ninaiweka ya nne kwa sababu ya usumbufu wake, si ubora. Ile ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na huchanganyika kwa urahisi zaidi, lakini bado inahitaji kuyeyushwa kwenye bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto, kisha ipozwe upesi ili isifanye punje. Kwa visigino na viwiko vilivyokauka haina mpinzani, na anayeishi nyanda za juu anaweza kuipandisha hadi ya pili.

Zeituni, licha ya sifa zake zote, sioni sababu ya kuyalipia bei hiyo kwa ajili ya skrabu. Ya nyonyo ni mazito na hunata. Kijiko kimoja ndani ya kikombe cha mafuta mengine kinatosha. Mafuta ya watoto yatokanayo na mafuta ghafi ya petroli hayastahili lawama yanazopewa mtandaoni, kwani huzuia unyevu usitoke na hayaharibiki upesi, ila hayailishi ngozi kitu chochote.

Kwa chupa ya kiwandani, tazama alama ya shirika la viwango, yaani TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usishawishike kununua ndimu za kuongezea, kwa kuwa maji yake yakibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua huweza kuiunguza na kuacha madoa. Chukua pia kopo la mdomo mpana lenye kifuniko kinachobana na kijiko cha kulitumikia peke yake, kiwe kikavu daima, kwa sababu maji ya bafuni yakiingia humo ukungu hufuata. Mililita 250 za mafuta zinatosha kuanzia. Ukiona ngozi imeyakubali, ndipo ununue chupa kubwa.